Wakuu, programu ya kuinstoo Linux inawapoteza wageni pale kwenye diski. Tuirekebishe vipi?

mwalimu_wa_jioni

Habari zenu wakuu. Uzi ni mrefu mnivumilie, kuna jambo linaniuma na nataka mawazo ya watu wanaojua.

Nina darasa la kompyuta la jioni hapa Morogoro, sio chuo, ni chumba tu cha kupanga na meza nne. Wanafunzi wangu ni watu wazima wenye shughuli zao, kuna mama wa duka la vipodozi, bodaboda wawili, walimu wa shule ya msingi na kijana mmoja amemaliza form six anasubiri chuo. Tangu Windows 10 iache kupewa apdeti Oktoba 14, 2025 wamekuwa wakiniletea laptopu zao wanauliza "mwalimu sasa hii ndo basi tena?" Nyingi ni za mtumba, Intel za kizazi cha nne na cha tano, Windows 11 inazikataa maana inataka TPM 2.0 (chipu ya usalama) na prosesa za kuanzia kizazi cha nane. Mashine nzima kabisa, kioo kizuri, ila hela ya kununua nyingine haipo. Nikasema basi tuhamie Linux, mfumo wa bure badala ya Windows, na nikataka kila mtu ainstoo mwenyewe kwa mkono wake, maana ukifanyiwa na fundi siku ikizingua unarudi kwa fundi na elfu kumi na tano nyingine.

Jumamosi iliyopita watu wanne wakainstoo. Distro (aina ya Linux) siitaji kwa sababu shida yenyewe nimeiona kwenye distro zaidi ya moja. Watatu walimaliza salama. Yule mama wa vipodozi akapoteza kila kitu.

Naomba nieleze ilivyokuwa hatua kwa hatua. Skrini ya kwanza lugha, akabonyeza Continue. Ya pili kibodi, Continue. Waifai, Continue. Apdeti, Continue. Yaani skrini nne nzima mtu anajifunza kitu kimoja tu, kwamba hapa kazi yako ni kubonyeza Continue na ukibonyeza mambo yanaenda. Ya tano ndo ikaja ya diski, na chaguo la kufuta ndilo lililokuwa limeshawekewa alama. Mkono ukaenda kama ulivyozoea. Kikatokea kiboksi kinauliza kama una uhakika, kimeandika kwamba patisheni hizi (vipande vya diski) zitafomatiwa, "partition #1 of SCSI (0,0,0) (sda) as ESP", na nyingine chini yake "as ext4". Akaniita, "mwalimu hii sda ni nini?" (Ndo jina ambalo Linux inaita diski ya ndani.) Mimi niko meza ya pili namsaidia bodaboda ambaye flashi yake haibuti. Nikamjibu nakuja. Hakunisubiri, na simlaumu, kiboksi kina vitufe viwili tu na kimoja ni kile kile Continue.

Kilichoondoka ni picha za familia na faili la Excel la madeni ya wateja wake, miezi minane. Nilishawaambia mwanzoni kila mtu afanye bakapu, akasema ameshafanya, kumbe alidhani picha zikiwa kwenye simu basi na za kompyuta ziko huko huko.

Lakini kilichonikosesha usingizi ni jibu lake nilipomuuliza alielewa nini alipoona "Erase disk". Akasema, "mwalimu si umenipa flashi diski? Nikajua inafuta hiyo flashi ili iweke hiyo Linux."

Wakuu, yuko sahihi! Huku kwetu diski ni flashi. Ukimwambia mtu "niletee diski" anakuletea flashi. Kile kilichomo ndani ya laptopu hakioni, hajawahi kukishika, hana hata jina lake. Kwa hiyo alisoma, na alielewa, ila alielewa kitu kingine kabisa.

Sasa maswali yangu. Mngekuwa nyie ndo mnatengeneza hiyo programu, pale kwenye diski mngeweka nini? Na ukitaka kuwafikishia watengenezaji jambo kama hili unapitia wapi ili wasikuone unalalamika tu? Nataka niandike vizuri, kwa ushahidi.

fundi_wa_flashi

Pole sana mwalimu, na mpe pole huyo mama. Kwanza kabla ya yote hiyo laptopu ZIMENI, msiendelee kuitumia. Kila ukiifungua inaandika juu ya vitu vya zamani. Ina HDD au SSD (ile ya chipu isiyozunguka)? Kama ni HDD ya kuzunguka kuna matumaini, ibuti kwa flashi, chomeka diski ya nje, endesha PhotoRec. Majina ya faili hayatarudi, inatafuta faili kwa alama zake za mwanzo tu, ila picha na Excel zinaweza kutoka. Kama ni SSD, kuna kitu kinaitwa TRIM kinachoiambia SSD isafishe nafasi za faili zilizofutwa, mara nyingi kikishapita ndo imeisha.

Sasa kwenye mada nitakupinga kidogo mwalimu. Onyo lipo. Ile programu ya zamani ya Ubuntu, Ubiquity, ambayo na Mint wameitumia miaka mingi, chini ya hilo chaguo imeandikwa kabisa kwamba itafuta programu zako, nyaraka, picha, muziki na faili zote za mifumo yote. Waandike nini tena? Watu hawasomi. Mimi nawainstolia watu Kariakoo mwaka wa tisa huu, mteja unamwonyesha kwa kidole anakuambia "we weka tu".

Halafu kwa uzoefu wangu wengi wanakwama kabla hata ya kufika huko. Mtu anachukua faili la ISO (lile lenye Linux nzima ya kuinstoo) anakopi kwenye flashi kama anakopi wimbo, flashi haibuti, anasema Linux mbovu. Akishaandika vizuri kwa Rufus au balenaEtcher hajui abonyeze nini kufungua menyu ya kubuti, Lenovo na Dell ni F12, HP ni F9. Akivuka hapo anakuta diski haionekani kabisa kwa sababu kwenye BIOS (mipangilio ya mashine yenyewe) namna ya kusoma diski imewekwa RST badala ya AHCI. Au kuna BitLocker (kufuli la Windows la diski) na hajui, programu inagoma kupunguza patisheni ya Windows mpaka arudi akaizime. Haya yote hakuna anayemwambia mapema. Mimi ningesema kwanza wamalize hayo.

mwalimu_wa_jioni

Asante mkuu, ni HDD, nimeshaizima na nitajaribu PhotoRec kesho.

Kuhusu kusoma, nimelifikiria sana kwa sababu na mimi nilianza na hilo hilo la "hawasomi". Lakini angalia mpangilio. Hilo onyo limeandikwa kwa maandishi madogo chini ya chaguo, kwa Kiingereza, baada ya skrini nne ambazo hazikuwa na madhara yoyote. Mtu aliyesoma zile nne za kwanza hakupata faida yoyote ya kusoma. Huyu mama anasoma mkataba wa chumba cha duka neno kwa neno, nimemwona, kwa sababu anajua pale kuna hela yake. Hapa hakujua kama kuna kitu chake.

mtafsiri_huria

Uzi mzuri sana huu. Mimi natafsiri programu huria kwa Kiswahili muda mrefu, na hilo la flashi diski limenigusa maana nimewahi kuandika "Futa diski" mahali nikaona nimemaliza kazi. Nimeirudia jana usiku baada ya kusoma hapa.

Tatizo la tafsiri zetu ni kwamba tunatafsiri neno wakati msomaji anatafuta kitu. Mwaka 2004 pale Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walipotoa Jambo OpenOffice kazi kubwa ilikuwa istilahi, tuite hiki nini na kile nini, na ilikuwa lazima mtu aanzie hapo. Ila kwenye programu ya kuinstoo istilahi sahihi haitoshi. Hata ukiandika "Futa diski kuu" bado huyo mama hajui diski kuu ndo nini. Mimi ningeandika hivi:

"Vitu vyote vilivyomo ndani ya kompyuta hii vitafutika: picha, nyimbo, kazi zako, na Windows yenyewe. Havitarudi. Flashi uliyochomeka haitaguswa."

Ni ndefu kuliko kitufe, ndiyo, lakini sentensi ya mwisho ndo inayomtoa mtu kwenye kosa alilofanya mama. Na kitufe kisiandikwe Endelea. Kiandikwe kinachofanya, "Futa kila kitu". Mtu akitaka kubonyeza hapo awe amelitamka kichwani.

Kuna watu wamefanya vipande vizuri ambavyo mwalimu unaweza kuvitolea mfano kwenye barua yako, ili wasiseme haiwezekani. Calamares, hiyo inayotumiwa na Manjaro na Lubuntu, inachora mistari miwili ya rangi, mmoja diski ilivyo sasa, mwingine itakavyokuwa baadaye. Unaona kabisa ile rangi ya Windows haipo tena kwenye mstari wa chini, hata kama hujui patisheni ni nini. Programu ya Debian nayo sura yake ngumu, ya bluu na kijivu, lakini pale mwisho ikiuliza kama iandike mabadiliko kwenye diski, jibu lililowekewa alama ni HAPANA. Ukibonyeza Enter kwa mazoea hakuna kinachofutika. Hicho kitu kimoja tu kingemwokoa mama.

Ila Debian hiyo hiyo ina mtego wake. Inakuomba paswedi ya root, yaani msimamizi mkuu wa mashine. Mgeni anaona kiboksi cha paswedi anajaza, kwa sababu kiboksi kitupu kinaonekana kama kosa. Kumbe ukikiacha kitupu ndo unapewa sudo (ruhusa ya kufanya kazi za msimamizi), ukikijaza hupewi. Kwa hiyo mtu mtiifu aliyejaza kila kitu akifika mbele anajaribu kuweka programu anaambiwa hayumo kwenye sudoers (orodha ya wenye ruhusa hiyo), na matoleo ya zamani yaliongeza kwamba tukio hili litaripotiwa, mtu akabaki anajiuliza litaripotiwa wapi, polisi? Maelezo yapo juu ya kiboksi, katikati ya aya ndefu.

bandari_salama

Salaam kutoka Mombasa. Dada mwalimu hongera kwa kazi, sisi huku tuna maabara ya vijana na nimeona mengi ya aina hiyo, ngoja niongeze yale ambayo watengenezaji walioko Ulaya hawawezi kuyaota.

La kwanza ni bundles. Kuna kile kiboksi cha "Download updates while installing". Kijana ameunganisha simu yake kama hotspot, ana GB 1 ya wiki nzima, anaweka tiki kwa sababu apdeti ni kitu kizuri, baada ya nusu saa bundles zimekwisha na programu imesimama hajui kama imekufa au inafikiria. Mimi sitaki wakiondoe, nataka waandike hapo pembeni itavuta MB ngapi, mtu aamue mwenyewe. Kila mtu huku anajua MB ni nini, hata nyanya yangu.

La pili kibodi. Laptopu nyingi za mtumba zinatoka Ujerumani. Z na Y zimebadilishana mahali, na alama ndo usiseme. Mgeni akifika skrini ya kibodi anaona English imeshachaguliwa, anaendelea. Anatunga paswedi yake, anafuata herufi zilizochorwa kwenye vitufe, anabonyeza kitufe chenye Z inaingia Y, haoni kwa sababu ni vidoti. Kama kila siku atatumia mpangilio huo huo itafunguka. Siku mtu atakapombadilishia kibodi iwe ya Kijerumani, paswedi "imekataa" na anaapa hajabadilisha kitu. Pale kwenye skrini ya kibodi kipo kisanduku cha kujaribu kuandika, hakuna anayekigusa. Kingekuwa kinasema "andika hapa neno YAI ZURI uone kama limetoka sawa", hiyo tu, wangelijua tatizo ndani ya sekunde kumi.

La tatu saa. Ukiweka Linux pembeni ya Windows, Linux inaandika saa ya mashine kwa UTC (saa ya dunia) na Windows inaisoma kana kwamba ni saa ya hapa. Sisi tuko saa tatu mbele. Kwa hiyo ni saa nne asubuhi, unafungua Windows inakwambia saa moja, na mtu anaamini kompyuta imeharibiwa. Ni amri moja tu, timedatectl set-local-rtc 1, lakini mgeni ataijulia wapi? Programu imeshaiona Windows iko pale pale, ingeuliza tu.

Na stima ikipotea katikati, betri za mtumba mnazijua. Ubiquity huwa inaangalia kama umechomeka chaja, hiyo nawapongeza, ila huku kuchomeka sio dhamana.

fundi_wa_flashi

Hiyo ya kibodi ya Kijerumani imenikumbusha wateja kama wanne hivi niliowafomatia tena bure kwa sababu ya paswedi. Kumbe ndo ilikuwa hiyo. Daa.

Mwalimu nimesoma jibu lako mara mbili, lile la mkataba wa duka. Nakubali. Mimi nikiinstoo sisomi pia, ila najua wapi pa kusimama.

anayekaa_pembeni

Naomba nijibu swali la pili la mwalimu maana ndo kazi yangu, huwa nakaa na watu wakijaribu programu za simu kabla hazijatoka.

Mwalimu ulichofanya Jumamosi bila kujua ni jaribio la matumizi, na umepata kitu ambacho watengenezaji hawawezi kukipata wakiwa ofisini kwao. Sasa lifanye kwa utaratibu. Tafuta watu watano. Jakob Nielsen, mtaalamu wa urahisi wa matumizi, alishaandika mwaka 2000 kwamba watano wanatosha kufichua sehemu kubwa ya matatizo, na kwa nilichoona mimi ni kweli, wa sita anarudia makosa ya wa pili. Mkalishe mmoja mmoja. Mwambie kazi moja tu, "weka Linux kwenye kompyuta hii bila kupoteza Windows", halafu NYAMAZA. Hilo la kunyamaza ndo gumu kuliko yote kwa mwalimu! Akikuuliza hii ni nini, mrudishie, "wewe unadhani ni nini?" Mwombe aseme kwa sauti kila anachofikiria. Lile jibu la flashi diski ulilipata baada ya ajali, kwa njia hii ungelipata kabla hajabonyeza.

Na usitumie mashine ya mtu. Weka VirtualBox (programu ya kuigiza kompyuta ndani ya kompyuta), tengeneza diski ya kuigiza ya GB 60, weka Windows humo na picha mbili tatu kwenye desktopu ili ionekane ina mwenyewe. Hifadhi nakala ya hali hiyo. Mtu akifuta, unarudisha, unaita mwingine. Kwa wanafunzi wako pia ingefaa, kila mtu ainstoo mara mbili kwenye hiyo ya kuigiza kabla ya kugusa yake.

Ukiandika ripoti usianze na "programu yenu ni ngumu". Andika skrini ipi, toleo gani, mtu alifanya nini, alisema nini kwa maneno yake, kilitokea nini, na unapendekeza nini. Weka maneno ya mama kwa Kiswahili halafu maana yake chini. Debian wana mahali pake kabisa, unatuma ripoti kwa jina installation-reports kwenye mfumo wao wa bagi (makosa ya programu), na wanapokea hata ya mtu aliyefanikiwa. Ubuntu ni Launchpad, tovuti yao ya kupokea ripoti. Wa Ubuntu walishaandika upya programu yao kuanzia 23.04, na Fedora nao wameleta sura mpya ya Anaconda, programu yao ya kuinstoo, kwenye Fedora 42 mwaka 2025, kwa hiyo hakikisha unajaribu toleo jipya kwanza, usije ukaripoti skrini ambayo haipo tena.

mtafsiri_huria

Niongeze moja. Mwalimu kama kuna mashine unazigawa wewe, sio za watu, kuna kuinstoo kwa namna ya OEM. Unaweka kila kitu wewe, mgeni akiwasha mara ya kwanza anaulizwa lugha, kibodi, jina na paswedi yake basi. Ya diski haioni kabisa. Mint wanayo kwenye menyu ya kubuti.

mwalimu_wa_jioni

Wakuu mmenisaidia kuliko nilivyotegemea. Nimekaa leo mchana nimeandaa VirtualBox kwenye ile kompyuta kubwa ya darasani, nimeweka Windows na folda nimeiita "PICHA ZA HARUSI". Jumamosi hii naanza na mtu wa kwanza, mwalimu wa darasa la pili ambaye hajawahi kugusa Linux, nitakaa nyuma yake na daftari na nimemwomba mwanangu anikanyage mguu nikifungua mdomo.

Ile sentensi ya mtafsiri nimeijaribu tayari. Nimeichapa kwenye karatasi nikamsomesha mama wa vipodozi na jirani zake wawili wa dukani. Wote watatu walielewa kwamba picha zitaondoka. Ila mmoja aliuliza, "na nikiitoa flashi sasa hivi je?" Kwa hiyo nimeongeza mstari, "Ukitaka kuacha, bonyeza Rudi. Mpaka hapa hakuna kilichofutwa." Ni kweli kwa hizo programu zote tulizozitaja, au kuna ambayo inaanza kuandika mapema? Nisije nikaandika uongo kwenye karatasi.

Na PhotoRec imefanya kazi usiku kucha. Picha zimetoka nyingi mno, mpaka za mmiliki wa zamani wa hiyo laptopu, hizo nimezifuta bila kuzifungua. Faili za Excel zimetoka kumi na moja, hazina majina, nimefungua moja moja. Ya saba ina majina ya wateja na namba pembeni, inaishia mwezi wa tisa. Mama ameiangalia akasema miezi miwili iliyobaki anaikumbuka kwa kichwa, amekaa pale pale ameanza kuijaza, na kabla hajaondoka ameniomba nimwonyeshe jinsi ya kuikopi kwenye flashi.

bandari_salama

Alhamdulillahi.

Kwa Ubiquity na Calamares, kwa aliyechagua kufuta, hiyo sentensi yako ni kweli kama mtu hajakubali lile swali la mwisho, ukitoka kabla ya hapo diski iko kama ilivyokuwa. Kwa Debian, na hata Ubiquity, chunga mtu aliyechagua kupunguza patisheni ya Windows, hiyo inaandikwa pale pale ukikubali kupunguza, na yenyewe inakuonya kwamba hutaweza kurudi nyuma. Karatasi ya Debian itengenezee mstari wake.

mwalimu_wa_jioni

Nimeandika. Nitaweka picha ya karatasi hapa Jumapili pamoja na alichosema huyo mwalimu wa darasa la pili.